Jicho, Pembetatu na Leza: Umbali Ulivyopimwa Nyanda za Juu Kusini

Kipimio cha umbali cha leza, ambacho leo hutoshea katika kiganja cha mwindaji, kilizaliwa na haja ya majeshi ya kujua shabaha iko mita ngapi kabla ya kufyatua mzinga, na hadi sasa matangazo ya biashara hukiuza bega kwa bega na bunduki za masafa marefu. Hata hivyo, mkazi wa Igowole, mji mdogo wa biashara wilayani Mufindi uliozungukwa na misitu ya kupandwa na mashamba ya chai, ana nafasi kubwa zaidi ya kukutana na mwanga wa kifaa hicho akiwa anauza miti, au akiwa amekaa ndani ya basi, kuliko akiwa mawindoni. Ili kueleza kifaa cha vita kilivyoishia kwenye kazi hizo, inafaa kuanza na enzi ambayo umbali ulikadiriwa kwa jicho tupu.

Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, si mbali na mji wa Iringa wa leo, msafara wa kijeshi wa Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski uliangamizwa na jeshi la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Msafara huo ulikuwa na mizinga na bunduki za rashasha, zile ambazo watu wa enzi hizo waliziita bombomu, na faida ya silaha hizo zote ilikuwa moja tu, nayo ni kumuua adui kabla hajafika karibu. Wahehe waliifuta faida hiyo kwa kujificha kati ya miamba na vichaka, wakauacha msafara uingie katikati yao, kisha wakavamia kwa mikuki wakati silaha nzito zingali zimefungwa juu ya punda. Zelewski mwenyewe aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya askari wake. Wajerumani hawakulisahau somo hilo, kwani waliporudi Oktoba 1894 chini ya Gavana Friedrich von Schele, waliipiga kwanza Kalenga, ngome ya Mkwawa yenye kuta za mawe, kwa mizinga iliyowekwa nje ya mji, na ndipo tarehe 30 ya mwezi huo walipozivamia kuta. Vita vyote viwili vinaweza kusomwa kama ugomvi juu ya mita: nani atachagua umbali wa kupigania.

Katika miaka hiyohiyo, tatizo la kukadiria umbali lilikuwa likishughulikiwa Ulaya kwa njia ya hesabu. Mwaka 1888 maprofesa wawili waliokuwa wakifundisha Leeds, Archibald Barr wa uhandisi na William Stroud wa fizikia, waliitikia tangazo la Wizara ya Vita ya Uingereza iliyotaka kifaa cha kupimia umbali kwa ajili ya askari wa miguu, na kutokana na kazi yao ikazaliwa kampuni ya Barr & Stroud ya Glasgow. Kifaa chao kilikuwa bomba refu lenye vioo katika ncha zake mbili, ambapo kila ncha iliona shabaha kwa pembe iliyotofautiana kidogo na ya mwenzake, naye mtumiaji alizungusha gurudumu hadi picha mbili zikaungana, kisha akasoma umbali kwenye kipimo. Kanuni yake ni ya pembetatu: ukijua urefu wa upande mmoja, ambao ni bomba lenyewe, na pembe zilizo katika ncha zake, pande nyingine hujulikana kwa hesabu. Udhaifu wa njia hiyo ni kwamba pembetatu inayolazwa juu ya bomba la mita moja au mbili huwa nyembamba mno shabaha inapokuwa mbali, kiasi kwamba umbali ukiongezeka mara mbili, kosa huongezeka mara nne.

Afrika Mashariki ilishuhudia udhaifu mwingine, ule wa kutegemea macho, katika delta ya Rufiji, ambako manowari ya Kijerumani Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, ilijificha nyuma ya mikoko. Mnamo Julai 1915 meli mbili za Kiingereza, Severn na Mersey, ziliishambulia kutoka umbali wa karibu kilomita 10 bila wapigaji wao kuiona, kwa hiyo vifaa vya vioo havikuwa na la kufanya, na kazi ya kusahihisha shabaha ikaachiwa ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia. Shambulio la tarehe 6 lilishindikana. Tarehe 11 ndege ya uangalizi ilipigwa na kuanza kuanguka, lakini mwangalizi wake, Harwood Arnold, aliendelea kutuma masahihisho kwa simu ya upepo huku ndege ikishuka, na masahihisho hayo yaliwawezesha wapigaji kuimaliza manowari hiyo.

Wapima ardhi nao walikuwa na pembetatu zao, kubwa kuliko za majeshi na zenye subira zaidi. Kati ya mwaka 1931 na 1933, Martin Hotine, ofisa wa jeshi la Uingereza, aliongoza upimaji wa sehemu ya Tanganyika ya mnyororo wa pembetatu uliofuata meridiani ya 30, mradi ambao mwanaastronomia David Gill aliupendekeza mwaka 1879 kwa lengo la kuipima Afrika kutoka kusini hadi kaskazini. Kazi hiyo ilihitaji mstari wa msingi uliopimwa ardhini kwa tepu za invari, aloi ya chuma na nikeli isiyorefuka sana kwa joto, kisha pembe zikasomwa kutoka kilele hadi kilele. Kilichokuja kubadili mambo ni wazo la kuachana na pembe na kupima muda. Mswidi Erik Bergstrand alitengeneza jiodimita, iliyotumia mwanga, na mwaka 1957 Trevor Wadley wa Afrika Kusini akatoa telurometa, iliyotumia mawimbi ya redio na iliyoweza kupima makumi ya kilomita baina ya vilima viwili bila mtu kuburuta tepu bondeni. Wazo hilo ndilo chanzo cha kipimio cha leza, na ni haki kukumbuka kwamba wapima ardhi walilitumia kwa mwanga kabla ya wapiga risasi.

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman tarehe 16 Mei 1960 katika maabara ya kampuni ya Hughes huko Malibu, Marekani, kwa kutumia fuwele ya yakuti nyekundu. Mwanga wake ulisafiri kama mwale mwembamba usiotawanyika upesi, na mwaka uliofuata kampuni hiyohiyo ilikwisha kuujaribu katika kupima umbali. Baada ya mafundi kugundua namna ya kuibana nishati ya leza na kuiachia kwa mpigo mmoja mfupi sana, majeshi yalianza kuweka vipimio hivyo katika vifaru, na kampuni ya Barr & Stroud, iliyoishi kwa mabomba na vioo, ndiyo iliyotengeneza kipimio cha leza cha kifaru cha Kiingereza cha Chieftain. Leza hizo za mwanzo zilikuwa nzito na za hatari kwa macho. Kwa raia, mlango ulifunguliwa na leza ndogo za nusukipitishi zinazotoa mwanga usioonekana na usiodhuru jicho. Mwaka 1992 Leica ya Ujerumani ilitoa Geovid, darubini ya mwindaji yenye kipimio ndani yake, na kabla ya muongo huo kwisha vifaa vya bei nafuu vilikuwa vimefika kwa wawindaji na wachezaji wa gofu.

Utendaji wake ni rahisi kuusimulia kuliko kuutengeneza. Mwanga husafiri mita 299,792,458 kwa sekunde, hivyo mpigo unaokwenda kwa mnyama aliye mita 300 na kurudi hutumia sehemu mbili za milioni za sekunde, na saa ya kifaa ikikosea kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde, jibu hukosea kwa sentimita 15. Faida yake kwa mpiga risasi inatokana na mvutano wa dunia: risasi ya kawaida ya uwindaji inayotoka mtutuni kwa kasi ya mita 800 kwa sekunde huwa imeshuka zaidi ya sentimita 80 chini ya mstari wa mtutu inapofika mita 300, na zaidi ya mita moja na nusu inapofika mita 400. Anayeidhania mita 400 kuwa 300, kosa ambalo jicho hulifanya kwa urahisi linapotazama ng'ambo ya bonde, atapiga chini ya mnyama au, vibaya zaidi, atamvunja mguu. Vifaa vipya hupima pia mteremko, kwa kuwa risasi hushuka kulingana na umbali wa mlalo. Mita 300 za mteremko wa nyuzi 30 ni sawa na mita 260 tu za mlalo.

Hesabu hizo zote, hata hivyo, zinajibu swali ambalo mwindaji wa Tanzania huulizwa mara chache. Gobole, bunduki ya kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu inayojulikana vijijini, haina shabaha ya kutegemewa zaidi ya makumi machache ya mita. Hata mgeni wa uwindaji wa kitalii anayeongozwa na mwindaji bingwa katika kitalu cha Rungwa hukutana na nyati ndani ya miombo, ambamo miti na nyasi humziba macho kabla ya mita 200, na ambamo mwale wa leza, unaotanuka kadiri unavyokwenda, huweza kugonga jani na kuleta umbali wa jani badala ya ule wa mnyama. Kanuni za uwindaji nchini zina mita zake pia, kwani zinakataza kumpiga mnyama kutoka kwenye gari au ndani ya mita 200 kutoka lilipo gari. Umbali huo hupimwa kutoka kwa mwindaji kurudi nyuma. Upigaji wa mita 600 au 800 ni mtindo wa milima iliyo wazi ya Marekani na Ulaya, na hata huko wawindaji wengi huuona kuwa ni kumfanyia mnyama jeuri, maana risasi ikiwa hewani kwa zaidi ya nusu sekunde, mnyama anayepiga hatua moja tu hukuta jeraha mahali palipokusudiwa kifo.

Mahali ambapo leza imeingia katika maisha ya kila siku ni barabarani. Baadhi ya zile zinazoitwa tochi, ambazo askari wa usalama barabarani huzielekeza kwa magari kwenye barabara kuu ya TANZAM inayopita Mafinga na Nyololo, ni vipimio vya umbali vinavyorusha mipigo mingi mfululizo na kulinganisha majibu: gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kikomo cha maeneo ya makazi, husogea karibu mita 14 kila sekunde, na kifaa huhesabu kasi kutokana na kupungua huko kwa umbali. Dereva anayemwonya mwenzake kwa taa anamsaidia kumkwepa mtoto wa kipimio cha kifaru.

Mahali pengine ni msituni. Shamba la miti la Sao Hill, lililoanza kwa majaribio mwaka 1939 na sasa liko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali, na kandokando yake wananchi wa Mufindi wamepanda misindano na mikaratusi yao wenyewe. Thamani ya mti uliosimama hutokana na ujazo wake, na ujazo huhitaji kipenyo, kinachopimwa mita 1.3 kutoka ardhini, pamoja na urefu. Kwa klinomita ya Suunto ya Kifini, chombo kidogo cha kusoma pembe, mpimaji alilazimika kuvuta tepu mita 15 au 20 kamili kutoka kwenye shina, kazi ya kuudhi kwenye miteremko yenye vichaka. Kipimio cha leza humruhusu asimame popote anapoona shina na kilele: akiwa mita 20 za mlalo, kilele kikiwa nyuzi 45 juu ya jicho na kitako cha mti mita 1.6 chini yake, urefu ni mita 21.6. Ni pembetatu ileile ya mpiga risasi mteremkoni, iliyogeuzwa wima. Ukungu wa Mufindi hausaidii, kwa sababu matone yake hurudisha mwanga kabla haujafika kwenye mti.

Wanasayansi wamekwisha kuipandisha leza angani. Huko Liwale, mkoani Lindi, watafiti waliruka na ndege yenye leza juu ya misitu ya miombo ili kukadiria wingi wa miti, na mnamo Desemba 2018 Marekani ilirusha chombo cha GEDI, kilichofungwa kwenye kituo cha kimataifa cha anga, kinachopima urefu wa misitu ya ukanda wa joto, ya Tanzania ikiwamo. Kila nukta ya GEDI ardhini ina upana wa mita 25, ndani yake miti kadhaa ya mkulima husomwa kwa pamoja, na kwa hiyo mwenye shamba la Igowole anayetaka kujua bei ya misindano yake bado anamhitaji mtu wa kuja na leza mkononi, au mnunuzi mwenye jicho la kuaminika.