Usukani wa Miguu

Mtu anunuaye pedali za usukani ili ajifunze urubani nyumbani kwa kompyuta hudhani kazi ni kuchomeka waya tu. Akikanyaga, pua ya ndege hupinda kwenye kioo, naye akaridhika. Hajui kwamba huenda programu yenyewe bado inamkanyagia.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1902, huko Kitty Hawk, Marekani, ndugu wawili Wilbur na Orville Wright walikuwa wakijaribu ndege yao isiyo na injini. Walipopinda mabawa ili kuliinua lililolala, hewa ililikokota bawa lilo hilo, ndege ikazunguka hadi ikachimba mchanga. Dawa waliyoipata ni kuufanya usukani wa mkiani ugeuke, na kuufunga pamoja na mabawa kwa waya. Rubani, aliyelala kifudifudi, aliviendesha vyote kwa kiuno. Ndivyo walivyoruka kwa injini Desemba 1903. Lakini mwaka 1905 walivitenganisha. Kwangu mimi, huo ndio ukomavu wao, kuliko hata ile siku ya 1903 inayosifiwa mashuleni. Louis Blériot, aliyevuka bahari kutoka Ufaransa hadi Uingereza mwaka 1909, aliuongoza usukani kwa miguu, na marubani wamebaki hapo.

Edwin Link, mtoto wa mtengenezaji vinanda wa Binghamton, alikamilisha mwaka 1929 kibanda cha mazoezi kilichochezeshwa kwa mivukuto ya kinanda. Humo mwanafunzi aliweza kukosea kwa mikono na miguu bila kufa.

Kompyuta zilipoingia majumbani, wengi hawakuwa na pedali. Basi watunzi wa programu wakaurudisha ule waya wa 1902: ukiilaza ndege, usukani unafuata wenyewe. Asiye na pedali amesaidiwa. Mwenye nazo auzime, kwa sababu kutua katika upepo wa ubavuni hutaka bawa lilalie upande wa upepo na mguu ukanyage upande wa pili. Vikifungwa pamoja, somo hilo halifundishiki. (Walimu tunawajua wanafunzi walioshikwa mkono hadi darasa la mwisho.)

Kisha programu ionyeshwe mwisho wa kushoto, mwisho wa kulia na katikati. Mguu wa kushoto upeleke pua kushoto. Ikienda kulia, geuza mpangilio. Pedali zisukumwe hadi ukutani, na kiti kisiwe cha magurudumu, ama sivyo atakayekanyaga kwa nguvu atarudi nyuma yeye, na ndege iendelee kwenda na upepo.