Anwani za Protini: Kutoka Hamira Hadi Ng'ombe wa Runyenjes

Leo tuweke kando mambo ya tovuti, niwape historia fupi inayonigusa.

Nilipokuwa shule ya msingi, nyanya yangu kule Runyenjes, Embu, alipoteza ng'ombe wake wa maziwa kwa ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe. Karo yetu ilitoka kwenye maziwa yale. Nilipofika chuo kikuu ndipo nikajua kwamba kimelea kilichomuua, Theileria parva, tayari kilikuwa kimesomwa herufi kwa herufi.

Tuanzie mwaka 1996. Wanasayansi walimaliza kusoma jenomu ya hamira, ile ile ya mandazi: herufi kama milioni 12, jeni kama 6,000. Swali likawa: kila protini hufanya kazi katika chumba gani cha seli? Nyingi zinazokwenda kwenye mitokondria, chumba cha nishati, huanza na kipande maalumu, kama anwani juu ya bahasha. Tatizo ni kwamba anwani hizo hazifanani herufi kwa herufi. Huwezi kuzitafuta kama jina ndani ya faili. Programu hupima tabia za kipande hicho na kukipa alama.

Mwaka 2005 taasisi ya ILRI ya Nairobi na TIGR ya Marekani, pamoja na wenzao, walichapisha jenomu ya Theileria: herufi kama milioni 8, jeni kama 4,000. Kimelea hiki kina chumba kiitwacho apikoplasti, urithi wa mwani wa kale. Protini zake nyingi huingia zikiwa na anwani ya sehemu mbili, kwa hiyo kompyuta ikaweza kuorodhesha zinazoshukiwa. Ng'ombe hana apikoplasti, hivyo ni shabaha nzuri ya dawa.

Mwaka 2006 watafiti wa ILRI na wenzao walieleza mbinu ya jamaa: walitafuta jeni zenye anwani ya protini zinazotolewa nje ya kimelea, wapate za kujaribia chanjo.

Lakini orodha ya kompyuta ni ya washukiwa tu; maabara ndiyo mahakama. Chanjo wanayoweza kuitumia wafugaji wa Meru na Embu bado ni ya mbinu iliyobuniwa Muguga miaka ya 1970: vimelea hai kutoka kwa kupe waliosagwa, pamoja na sindano ya antibayotiki.

Sisi waandishi wa programu husema "nimepata!" mara skrini inapojaa matokeo. Nyanya angeuliza jambo moja tu: ng'ombe amepona?

Tuonane wiki ijayo.