Tishu ya Shahamu

Istilahi ambayo matabibu huitaja kila wazungumzapo habari za unene, na ambayo wengi huifasiri kwa haraka kuwa mafuta ya mwili, naona yafaa iitwe tishu ya shahamu. Kwani mafuta, katika matumizi yetu ya kila siku, ni ya taa, ya kupaka, ya kukaangia au ya kutia garini, ilhali shahamu, neno tulilolirithi kwa Waarabu, ni ile nyeupe iliyoshikamana na nyama, yenye mishipa yake ya damu na chembe zake hai.

Atakaye kuiona kwa macho na aende mnadani Karatu, asimame karibu na mchinjaji anapopasua kondoo wa Kimasai na mbuzi waliolishwa malisho mamoja. Kondoo shahamu yake imerundikana katika mkia mpana, mzito, uliokuwa ukiyumba alipotembea. Mbuzi kimkia chake ni chembamba, na akiba yake imejificha tumboni, imezizunguka figo. Majani ni yale yale, ila pa kuwekea akiba pamehitilafiana, na hilo ni jambo la nasaba.

Ndivyo yalivyo maumbile ya wanawake. Titi, au ziwa kama wasemavyo wazee wa pwani, lina tezi za maziwa, ambazo kwa kawaida hugawanyika mafungu 15 hadi 20 yenye vijifereji vielekeavyo chuchuni. Lina nyuzi za kulishikilia, alizozieleza tabibu Mwingereza Astley Cooper katika kitabu chake cha mwaka 1840 hata zikaitwa kwa jina lake. Na nafasi zilizobaki zimejaa shahamu. Mtu alapo kupita mahitaji ya mwili wake, ziada hugeuka shahamu na chembe zake hufura. Kwa hiyo mwanamke anenepapo matiti aghalabu hukua, na akondapo hupungua. Kwa kadiri gani, hapana kanuni: mmoja akiongeza kilo 5 huonekana kifuani, mwenziwe zikamwendea nyongani na mapajani, kifua kisibadilike, kwa amri ya nasaba na ya homoni ya estrojeni. Hata mwanamume akinenepa sana huweza kuota kifua, nacho aghalabu huwa ni shahamu.

Dhana iniudhiyo ni ile ya kwamba titi kubwa ndilo lenye maziwa mengi. Hasha! Maziwa ni kazi ya tezi, na kadiri mtoto anyonyavyo ndivyo yatengenezwavyo. Mama mwenye kifua kidogo huweza kumlea mwanawe akashiba. Huko Ngorongoro Wamasai humpa mzazi shahamu ya kondoo iliyoyeyushwa, nayo ni chakula chenye nguvu kwelikweli, maana gramu 1 huzaa kalori 9. Lakini haina njia ya kuteremka tumboni ikapanda moja kwa moja kifuani.

Ama uzeeni, hedhi ikikoma, tezi hunywea na shahamu hushika mahali pake. Katika picha ya eksirei shahamu huonekana nyeusi na tezi nyeupe. Na kwa kuwa uvimbe wa saratani nao huwa mweupe, tabibu huuona kwa wepesi zaidi katika titi la bibi lililojaa shahamu kuliko la binti ambaye tezi zake zimesongamana.