Alan Page: Kutoka Uwanjani Hadi Kiti cha Jaji

Ndugu msomaji, waulize vijana kumi wa mtaani kwako wanataka kuwa nani wakikua. Hutakosa wanne au watano watakaokwambia, mchezaji wa mpira. Kisha waulize wazazi wao shida yao ni nini, watakwambia ni kuwatoa hao hao uwanjani waje washike kitabu. Tumeshazoea kuona kuwa mpira na masomo havikai nyumba moja. Basi hebu twende Marekani kidogo, nikuelezee habari za mtu aliyeviweka nyumba moja kwa miaka, na kilichompata kwa sababu hiyo.

Jina lake Alan Page. Na kwanza tuelewane, mpira alioucheza si huu wetu wa miguu. Wamarekani wana mpira wao wa umbo la yai, hubebwa mkononi, wachezaji huvaa kofia ngumu na kinga za mabega, na kugongana ndiyo kazi. Jamaa yake wa karibu ni raga. Page alikuwa mlinzi wa mstari wa mbele, yule ambaye kazi yake ni kulipita jitu lililosimama mbele yake na kumwangusha mpinzani kabla hajaurusha mpira.

Alizaliwa tarehe 7 Agosti 1945 huko Canton, jimbo la Ohio, mji wa viwanda vya chuma. Mamake alifariki yeye akiwa na miaka 13. Mwaka 1954, Alan akiwa na umri wa miaka minane, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa kuwatenga watoto weusi na weupe katika skuli za serikali ni kinyume cha katiba. Page mwenyewe amesimulia kwamba uamuzi ule ulimwonyesha kuwa sheria ina nguvu ya kubadilisha maisha ya watu kama yeye. Akatamani kuwa wakili. Mpira alikuja kuuanza baadaye, akiwa sekondari. Yaani, msomaji, uwakili ndio uliotangulia! Hili ulishike, manake watu wengi humweleza kama mchezaji aliyekumbuka masomo baada ya kuchoka, na sivyo.

Akiwa kijana alifanya kibarua cha ujenzi hapo Canton, na jengo lenyewe lilikuwa ni lile la kuwaenzi magwiji wa mpira wa Kimarekani, lililofunguliwa 1963. Aliondoka kwenda Chuo Kikuu cha Notre Dame, akawa bingwa wa taifa na timu ya chuo mwaka 1966, akahitimu shahada ya sayansi ya siasa 1967. Mwaka huo huo akachukuliwa na Minnesota Vikings.

Ya uwanjani nitayapitisha haraka. Aliingia fainali kubwa ya nchi, ile ya Super Bowl, mara nne akiwa na Vikings, na mara zote nne wakafungwa. Lakini mwaka 1971 alitajwa mchezaji bora wa ligi nzima, mlinzi wa kwanza kupata tuzo hiyo. Kwa kawaida huenda kwa wanaofunga, kama ilivyo kwetu kipa hasifiwi mpaka aokoe penalti. Mpaka leo ni mlinzi mmoja tu mwingine aliyewahi kuipata, Lawrence Taylor mwaka 1986.

Sasa kuna jambo lililomkera Page humo ndani ya timu, na alikuja kulieleza hadharani baadaye. Siku moja kwenye kikao cha mazoezi kocha aliwataka wachezaji wasome kwa sauti kitabu cha mbinu za timu. Page akagundua kuwa baadhi ya wenzake hawawezi kusoma. Hebu fikiria! Watu wazima, waliopitia sekondari na chuo kikuu, wanalipwa kucheza mpira, na ukurasa mmoja unawashinda. Njia nzima walipitishwa tu, kwa sababu walikuwa na miguu mizuri na mabega mapana, na hakuna mwalimu aliyetaka kuwa yule anayemzuia nyota wa skuli. Page aliona ni dhuluma.

Yeye akajiandikisha masomo ya sheria. Mara ya kwanza yalimshinda, aliacha baada ya wiki chache tu. Akarudi tena, safari hii Chuo Kikuu cha Minnesota, na akasoma hali bado anachezea Vikings. Pia alikuwa mwakilishi wa wachezaji kwenye chama chao, akigombana na wenye timu juu ya haki za wachezaji, jambo ambalo, unavyojua, halimfanyi mtu apendwe na mabosi.

Juu ya hayo akaanza kukimbia. Mkewe Diane alianza mbio ili aache sigara, mume akajiunga naye, akanogewa. Akakimbia maili nyingi mpaka mwili ukapungua. Kocha Bud Grant akaona mlinzi mwepesi hivyo hamfai. Mwaka 1978, mwaka ule ule Page alipopata shahada yake ya sheria, Vikings wakamwacha katikati ya msimu. Chicago Bears wakamchukua kwa ada ya dola 100. Ndiyo, mia moja! Mchezaji bora wa ligi wa 1971, kwa bei ya jozi chache za viatu.

Lakini huko Chicago alicheza mpaka 1981, na hakuwa wa kukaa benchi. Mwaka 1979 alimaliza mbio za marathoni, mchezaji wa kwanza wa ligi ile kufanya hivyo akiwa bado anacheza. Alipovua jezi, kazi ya uwakili ilikuwa inamngoja. Alifanya kazi kampuni ya mawakili, kisha katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Minnesota.

Hapa ndipo pananivutia zaidi kama mtu wa kusoma historia. Kwetu Kenya jaji hapigiwi kura. Minnesota jaji hupigiwa kura na wananchi, kila miaka sita. Mwaka 1992 kiti kimoja cha Mahakama ya Juu ya jimbo kilifika wakati wake, lakini Gavana Arne Carlson akamwongezea muda jaji aliyekuwepo ili astaafu na pensheni yake. Maana yake, hakuna uchaguzi, na gavana angekuja kuteua mrithi mwenyewe. Page alitaka kugombea, akaambiwa hakuna cha kugombea. Akamshtaki gavana.

Ilikuwa kesi ngumu, maana ilihusu kiti cha mahakama yenyewe. Majaji wake wakakaa kando, wakaletwa wengine kuisikiliza. Page akashinda: nafasi ile ni ya wananchi kuamua. Akagombea, akachaguliwa, na Januari 1993 akaapishwa, Mmarekani mweusi wa kwanza kukaa katika mahakama ile. Alichaguliwa tena 1998, 2004 na 2010, mpaka alipofikisha miaka 70 mwaka 2015 na kustaafu kwa mujibu wa sheria. Umri huo ndio katiba yetu ya 2010 imewawekea majaji wa hapa pia.

Mwaka 1988 alirudi Canton kutiwa katika orodha ya magwiji, katika jengo lile lile alilolifanyia kibarua. Wenzake kwa desturi husindikizwa na kocha. Yeye alimchagua Willarene Beasley, mwalimu mkuu wa skuli ya sekondari, na hotuba yake ikawa ya elimu. Mwaka huo yeye na Diane wakaanzisha mfuko wa kuwasaidia wanafunzi wa Minnesota wasio weupe kulipia masomo ya juu. Sharti lake nimelipenda: anayepewa pesa lazima naye akawafundishe watoto wadogo kuliko yeye.

Mwaka 2017 skuli moja ya Minneapolis ilibadilishwa jina baada ya wanafunzi wenyewe kudai. Ilikuwa na jina la gavana wa zamani, Alexander Ramsey, aliyetaka Wahindi Wekundu wa kabila la Dakota waangamizwe au wafukuzwe jimboni. Sasa inaitwa kwa jina la Jaji Page. Naye kila akienda kwa watoto, huulizwa kwanza kuhusu kidole chake kidogo, ambacho mpira ulikivunja mpaka kikapinda upande kama kona ya meza. Akaona afadhali akiandikie kitabu cha watoto. Alikitoa mwaka 2013, pamoja na binti yake Kamie, ambaye ni mwalimu.