Moba hadi Kalemie: nusu saa angani, upepo majini

Ukiitazama ramani ya mashariki mwa Kongo, Moba na Kalemie ni majirani. Kwa mstari ulionyooka kuna kilomita kama 140 kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, na ndege ndogo huzimaliza kwa nusu saa hivi. Lakini mkulima anayeshusha mahindi na maharagwe kutoka milima ya Marungu hupanda boti ya mbao, na saa ya kufika huijua upepo. Kiangazi, kusi ikivuma, mawimbi humpiga usoni anayerudi Moba, na nahodha mwenye busara hujibanza ghubani hadi yatulie.

Ziwa limekuwa njia kuu hapa tangu zamani. Mbelgiji Émile Storms alivuka kutoka Karema, upande wa Tanzania ya leo, akatia nanga Mpala, kati ya Moba na Kalemie, tarehe 4 Mei 1883. Miaka miwili baadaye kituo hicho kilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe, ambao mwaka 1893 walianzisha misheni ya Kirungu, juu ya bandari ya Moba, wakaiita Baudouinville. Ndiko alikopewa upadre Stefano Kaoze mwaka 1917, Mkongo wa kwanza kupata daraja hilo katika zama za sasa.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba ndege zilitangulia kuliona ziwa hili kabla ya miji mingi mikubwa ya Afrika ya Kati. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Tanganyika, Waingereza waliwaazima Wabelgiji ndege nne za majini aina ya Short. Zilikuja zimefungwa masandukuni: kwa meli hadi mlango wa Mto Kongo, kisha kwa treni na boti za mtoni, na mwisho kwa reli iliyofika Kalemie, wakati huo Albertville, mwaka 1915. Zilipounganishwa, tatizo likawa ziwa lenyewe. Mawimbi yalikuwa makali mno kwa ndege za kuelea, kwa hiyo kambi ikawekwa kwenye kiziwa kitulivu cha Tungwe, karibu na Mtoa, kaskazini ya mji. Mwezi Juni 1916 rubani Aimé Behaeghe na mwenzake Collignon waliruka hadi Kigoma wakatupa mabomu bandarini, ilimokuwa meli ya Wajerumani Graf von Götzen, ambayo leo ni MV Liemba. Behaeghe aliugua akafariki Niemba mwezi Desemba mwaka huohuo.

Ndege zile zilikwenda kama kilomita 100 kwa saa. Kwa mwendo huo Moba ingefikiwa kutoka Kalemie kwa saa moja na nusu, zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Ni vita tena vilivyoleta haraka Moba: Novemba 1984 wapiganaji wa PRP, kundi la waasi la Laurent-Désiré Kabila, waliuteka mji huo. Baada ya siku mbili jeshi la Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, likiwa na askari wa miavuli, lilikuwa limeurudisha. Haraka hiyo inauma ukiikumbuka, kwa sababu katika amani hakuna aliyewakimbilia watu wa Moba hivyo. Ndege ndogo za sasa hubeba zaidi wafanyakazi wa misaada na wenye uwezo. Mama mwenye magunia yake ya maharagwe, au mwenye mgonjwa wa kupeleka Kalemie, bado hushuka bandarini kuuliza kama kusi imelegea.