Nyongo ya Keino Haikuambukiza Mtu

Wasee, leo natubu hadharani. Niliwahi kuua fainali ya timu yetu, na sikuiua kwa kukosa penalti. Niliiua kwa kikohozi.

Ilikuwa likizo ya Desemba, mashindano ya vijana hapa Itumbe. Zawadi ilikuwa mbuzi na jezi mpya, lakini si unajua fainali ya nyumbani: hata kungekuwa na zawadi ya sufuria, watu wangepigana. Semi ilikuwa Jumamosi, fainali Jumanne. Sasa Alhamisi usiku kukawa na matanga kwa jirani. Kwetu Gusii huwezi kukosa matanga ya jirani halafu utegemee watu waje kwako siku yako ikifika. Nikaenda. Mvua ikanyesha, ile ya kwetu isiyobisha hodi, tukabanana wote chini ya hema moja kama majani chai kwenye gunia. Mzee mmoja nyuma yangu alikohoa tangu saa tatu hadi saa saba usiku. Nilimsikia. Nilijua. Nikabaki pale pale kwa sababu chai ilikuwa bado inazunguka.

Jumamosi asubuhi nikaamka na homa, koo linawasha, viungo vinauma. Sikumwambia mtu. Kwa nini? Kwa sababu kocha wetu, omogaka mmoja mwenye hadithi nyingi kuliko mipira, alikuwa na hadithi aliyoirudia kabla ya kila mechi kubwa: Kipchoge Keino alivyokimbia Mexico akiwa mgonjwa na kurudi na dhahabu. Nikajiambia, leo mimi ndiye Keino. Nikacheza dakika zote 90. Wakati wa mapumziko nikanywa maji kwenye ile chupa moja ya lita 5 ya kikosi kizima, mdomo kwenye mdomo wa chupa, nikampa beki, beki akampa straika.

Tulishinda ile semi. Jumanne mabeki wawili na straika hawakuweza kutoka kitandani. Tulichapwa 3 bila, mbuzi akaenda kijiji cha pili, na mimi, mwenye homa ya kwanza, nilikuwa tayari nimepona. Hicho ndicho kilichoniuma zaidi.

Tangu hapo nimeisoma upya ile hadithi ya Keino, na nimegundua kocha alituambia ukweli lakini hakuumaliza.

Tuanze na jina ambalo mtu wa Kisii au Nyamira hana ruhusa ya kuliruka: Naftali Temu. Mwana wa kwetu kabisa. Kabla yake alikuwapo Nyandika Maiyoro, naye Mgusii, aliyekimbia mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Melbourne 1956 akamaliza wa 7, akarudi Roma 1960 akamaliza wa 6. Maiyoro alifungua mlango, Temu akaingia. Tarehe 13 Oktoba 1968, katika jiji la Mexico lililo mita zaidi ya 2,200 juu ya usawa wa bahari, Temu alishinda mita 10,000 kwa dakika 29 na sekunde 27.4. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa nyuma yake kwa sekunde 0.6 tu. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Kenya kwenye Olimpiki. Ya kwanza kabisa, wasee, na ilitoka milima hii.

Mbio hizo hizo ndizo alizoanguka Keino. Alikuwa na ugonjwa wa kibofu cha nyongo, maumivu makali ya tumbo, na madaktari walikuwa wamemwambia asikimbie. Alikimbia. Zikiwa zimebaki raundi chache, alijikunja kwa maumivu akatoka nje ya njia. Watu wa huduma ya kwanza walipomfikia, aliinuka akaendelea kukimbia, ingawa kwa kanuni alikuwa ameshaondolewa mashindanoni.

Siku 4 baadaye akaingia mita 5,000. Fedha. Temu akachukua shaba kwenye mbio hizo. Halafu tarehe 20 Oktoba ikaja fainali ya mita 1,500. Madaktari bado wanasema hapana. Inasimuliwa kwamba basi lilikwama kwenye msongamano wa magari, Keino akashuka na kwenda uwanjani mbio. Alishinda kwa dakika 3 na sekunde 34.9, rekodi ya Olimpiki, akamwacha Jim Ryun wa Marekani kwa karibu sekunde 3. Na tarehe 20 Oktoba, kwa Mkenya wa wakati ule, ilikuwa Siku ya Kenyatta. Fikiria kelele za redio siku hiyo.

Sasa ona kile ambacho kocha hakusema. Nyongo haiambukizi. Keino angeweza kulala chumba kimoja na timu nzima, akanywa nao kikombe kimoja, na hakuna mtu angeamka na nyongo yake. Hatari yote ilikuwa ndani ya mwili wake mwenyewe. Yeye ndiye aliyepima, na kama mambo yangeharibika, yeye ndiye angelipa. Unaweza kusema alikosea, unaweza kusema alikuwa shujaa, lakini alicheza kamari na mali yake.

Homa yangu ilikuwa kitu kingine. Mimi nilicheza kamari na miguu ya beki wangu, bila kumuuliza.

Na kwenye mbio zile zile za 1,500 kulikuwa na ugonjwa wa pili ambao sisi Wakenya huwa hatuutaji. Jim Ryun, aliyekuwa na rekodi ya dunia, alikuwa ameugua mononukleosi miezi kadhaa kabla ya Mexico. Ni ugonjwa wa virusi unaopitia kwenye mate, na unaweza kukulaza wiki nyingi huna nguvu hata ya kupanda ngazi. Ulimlia muda wa mazoezi katika mwaka wenyewe wa Olimpiki. Simsemi ili kuipunguza dhahabu ya Keino. Mtu aliyeshinda na nyongo ile hadaiwi maelezo. Nasema hivi: kwenye fainali moja kulikuwa na magonjwa mawili, moja la kukaa na mwenyewe na moja la kupitishwa kwa mate. Sisi tulirithi hadithi ya lile la kwanza, tukaitumia kwa la pili.

Twende London, Agosti 2017, mashindano ya dunia ya riadha. Virusi vya tumbo, vile vya kutapika na kuhara, viliingia kwenye hoteli moja waliyolala wanariadha. Virusi hivi ni vikorofi: mikono michafu, kitasa cha mlango, chakula cha kuchukulia meza moja, na kesho nusu ya timu iko chooni. Isaac Makwala wa Botswana alikuwa miongoni mwa waliotarajiwa kupata medali. Alitapika. Tarehe 7 Agosti akaondolewa kwenye mchujo wa mita 200. Kesho yake ilikuwa fainali ya mita 400, mbio zake hasa. Alisema yuko sawa, akaenda uwanjani, akazuiwa langoni. Utaratibu wa afya ulisema mgonjwa atengwe kwa saa 48. Makwala alilalamika kwamba hakuna aliyempima.

Mimi nikiangalia picha za siku ile naumia. Mtu amefanya kazi miaka yote, halafu mlinzi anamwambia rudi. Lakini nikikumbuka chupa yetu ya lita 5, najua mlinzi alikuwa analinda nini. Nyuma ya lile lango kulikuwa na mamia ya wanariadha wengine, kila mmoja na miaka yake ya kazi.

Kilichofuata ndicho kilichonifunza. Tarehe 9 Agosti, muda wa kutengwa ulipokwisha, walimruhusu akimbie mchujo wa mita 200 peke yake. Uwanja mzima, mtu mmoja, mvua inanyesha. Alihitaji sekunde 20.53. Akakimbia 20.20, kisha akapiga pushapu pale pale kuwaonyesha. Usiku huo huo akakimbia nusu fainali akapita, na kesho yake akamaliza wa 6 kwenye fainali. Ile 400 haikurudi kamwe. Ila angalau kwenye 200 kulikuwa na njia ya kurudi.

Hapo ndipo shida yetu ilipo. Msee hafichi ugonjwa kwa sababu ni mbaya. Anaficha kwa sababu akisema ukweli anapoteza namba, na hakuna anayemwahidi kwamba ataipata tena. Mimi nilijua kabisa kwamba golikipa wa akiba akicheza vizuri Jumamosi, Jumanne nitakaa benchi. Ukweli wangu ulikuwa na bei, na hakuna aliyejitolea kunisaidia kuilipa.

Mtu atasema hizo ni habari za Ulaya. Haya, rudi nyumbani. Tarehe 20 Oktoba 2020, miaka 52 kamili baada ya ile 1,500 ya Keino, sherehe za kitaifa za Mashujaa zilifanyika Gusii Stadium, Kisii mjini. Corona ilikuwa nchini tangu Machi. Ndani, watu walivaa barakoa. Mimi nilikuwa kijana wa shule, nilikuwa nje barabarani na wenzangu, bega kwa bega, tukisubiri magari ya wakubwa yapite. Barakoa yangu ilikuwa kidevuni. Wiki 2 baadaye, tarehe 4 Novemba, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha mikutano ya kisiasa nchini kwa siku 60 kwa sababu maambukizi yalikuwa yanapanda. Sisemi sherehe yetu ndiyo iliyosababisha. Nasema hata serikali ilikuwa inapima kitu kile kile nilichopima mimi kwenye matanga: mkusanyiko huu una uzito gani, na nani atalipa?

Mwaka uliofuata, Agosti 2021, mashindano ya dunia ya riadha ya vijana chini ya miaka 20 yakaja Kasarani. Yalikuwa yameahirishwa kutoka 2020. Marekani, Uingereza na Australia hazikuleta timu. Walipima, wakaamua kubaki. Wengine walipima, wakaja. Kijana wetu Emmanuel Wanyonyi alishinda mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 43.76, na miaka 3 baadaye akachukua dhahabu ya Olimpiki Paris. Kuna vijana wa umri wake waliobaki kwao ambao hatutawahi kujua wangekimbia vipi Kasarani. Siwezi kuwaita waoga. Nafasi ya vijana chini ya miaka 20 huja ikapita, na wao walilipa kwa nafasi hiyo.

Kwa hiyo tufanyeje hapa kijijini, mahali ambapo hakuna daktari wa timu na kipimo ni mkono wa mama kwenye paji la uso?

Kwanza, sikubali mtu aniambie mchezaji asiende matanga. Huyo hajui kwetu. Nenda mazishini mchana, simama nje penye hewa, shika jembe, wape wafiwa mkono kisha unawe kabla ya kula. Ile ya usiku kucha chini ya hema, wiki ya fainali, tuma ndugu yako akuwakilishe na ueleze sababu. Wazee wetu wanaelewa kuliko tunavyodhani. Nilipomwomba mama mwenye matanga mwaka mwingine, aliniambia, "Nenda ulale mwanangu, marehemu alipenda mpira."

Pili, kila mchezaji na chupa yake. Hata ya soda iliyooshwa. Haigharimu kitu.

Tatu, na hii ndiyo kubwa: mtu akisema anaumwa, namba yake ibaki yake. Itamkwe mbele ya timu nzima, kocha akiwepo.

Desemba iliyopita mimi ndiye nilikuwa kapteni. Asubuhi ya semi, winga wetu, dogo wa kidato cha tatu, akanivuta pembeni. "Kapteni, natetemeka tangu usiku." Ungemwona macho. Alikuwa ananiambia huku anasubiri nimwambie kaza, wewe ni mwanaume, kumbuka Keino. Kocha alikuwa hatua chache, na niliona mdomo wake unafunguka na ile hadithi iko njiani.

Nikamwambia dogo akae chini ya ule mti wa upande wa pili na chupa yake peke yake. Jezi namba 7 nikaikunja, nikaiweka kwenye begi langu mbele ya wote. Nikasema haitavaliwa na mtu hadi mwenyewe apone. Kocha alininyamazia mechi nzima.

Tulitoka sare, tukafuzu kwa penalti. Fainali ilikuwa siku 5 mbele. Tulipofika uwanjani, dogo alikuwa ametutangulia, amekaa juu ya jiwe, viatu tayari miguuni, anaulizia jezi yake.