Gari linalokataa kuwaka dereva akiwa amelewa: intaloki inafanyaje kazi?

Ukikutwa na hatia ya kuendesha umelewa katika jimbo la New Mexico, Marekani, hata kama ndiyo mara yako ya kwanza, hulipi tu faini ukaenda zako. Gari lako linafungwa kidude cha kupuliza, na kwa mwaka mzima huliwashi mpaka kwanza ukipulizie. Pumzi ikiwa na pombe, injini haiwaki. Imeisha hiyo.

Kidude hicho ndicho intaloki. Wakenya wanaoijua alcoblow wataelewa haraka, ila kuna tofauti moja kubwa. Alcoblow inakuja na polisi, na usiku ambao polisi hayupo barabarani, hakuna wa kukupima. Intaloki inakaa ndani ya gari, imeunganishwa na mfumo wa kuwashia, haiendi likizo na haili kitu kidogo.

Inapima vipi?

Kifaa chenyewe kinakaa kiganjani, na kina mrija wa kupulizia. Dereva anapuliza, kinasoma kiasi cha alkoholi kwenye pumzi, halafu kinaamua. Karibu Marekani yote, kisheria unahesabiwa umelewa ukifikisha gramu 0.08 za alkoholi kwa kila mililita 100 za damu. Utah peke yake wameshusha hadi 0.05. Intaloki ni kali zaidi. Kwa kawaida inakataa kwenye 0.02 hivi, kwa hiyo hata aliyejisemea "nimeonja tu" anaweza kubaki ameegesha.

Swali la kwanza la kila mtu: si nitampa mtoto au rafiki apulize? Watengenezaji walishaliwaza hilo. Baada ya gari kuwaka, dakika chache mbele kifaa kinalia na kutaka upulize tena, kisha tena kwa nyakati usizozijua. Huyo rafiki itabidi asafiri na wewe njia nzima. Vifaa vingi sasa vina kamera inayopiga picha ya anayepuliza, na vingine vinataka upulize kwa mtindo maalumu ili mtu asije na puto au pampu ya upepo.

Hapa watu huogopa bure: ukishindwa kipimo ukiwa barabara kuu, gari halizimiki. Kuzima injini kwenye mwendo kungeua watu. Kinachotokea ni kosa kurekodiwa, na mara nyingi honi inaanza kulia na taa kuwaka-waka mpaka uegeshe na kuzima mwenyewe. Kumbukumbu zote zinasomwa ukipeleka gari kwa fundi aliyeidhinishwa, kwa kawaida kila baada ya siku 30 hadi 60. Usipoenda, kifaa kinajifunga.

Na dawa ya kusukutulia mdomo? Ndiyo, zenye alkoholi zinaweza kukuangusha. Sukutua kwa maji, subiri kama dakika 15, puliza tena. Pombe ya mdomoni itakuwa imeisha. Ya kwenye damu bado itakuwepo.

Kwa nini hata mkosaji wa mara ya kwanza?

Zamani adhabu kuu ilikuwa kufungiwa leseni. Tatizo ni kwamba leseni ni kadi tu, haiwashi gari. Wengi waliofungiwa waliendelea kuendesha kama kawaida. Mwaka 1980, huko California, binti wa miaka 13 aitwaye Cari Lightner aligongwa na kuuawa na dereva mlevi ambaye alikuwa na makosa mengine ya aina hiyohiyo. Mama yake, Candace Lightner, akaanzisha MADD, chama cha akina mama wanaopinga ulevi barabarani. California ilianza majaribio ya intaloki kwa sheria ya mwaka 1986, na New Mexico mwaka 2005 ikawa jimbo la kwanza kuilazimisha kwa kila aliyekutwa na hatia: kosa la kwanza mwaka mmoja, la pili miwili, la tatu mitatu, la nne maisha. Leo majimbo yote 50 yana sheria fulani ya intaloki, na zaidi ya 30 yanaidai kwa wote.

Na si kwamba tatizo limekwisha. Mwaka 2022 watu 13,524 walikufa Marekani kwenye ajali zilizohusisha dereva aliyefikisha 0.08.

Je, inasaidia? Ikiwa ndani ya gari, sana. Tafiti zilizokusanywa na kituo cha afya cha CDC zinaonyesha makosa ya kurudia yanashuka kwa karibu asilimia 70. Lakini hapa ndipo sheria nyingi zinapoyumba: ikishang'olewa, faida hiyo inapotea. Wengi wanarudia kwa kiwango kilekile cha wale ambao hawakuwahi kufungiwa. Mashine ilimzuia mtu kuendesha, haikumwachisha kunywa.

Kwa hiyo kumhesabia mtu miezi 12 na kumwachia naona ni kazi nusu. Afadhali wanavyofanya Washington na majimbo mengine kadhaa: kifaa hakitoki mpaka umalize kipindi cha mwisho bila kushindwa vipimo. Aliyeshindwa wiki iliyopita anaonyesha mwenyewe kwamba hajawa tayari, na huyo anahitaji pia matibabu ya ulevi.

Kuna na mwanya wa pili. Ukimwambia hakimu "sina gari", kifaa kinafungwa wapi? Wengine wanahamisha kadi ya gari kwa jina la ndugu, wanasubiri muda upite, na kumbe usiku wanaendesha la mke.

Gharama ni za mkosaji mwenyewe, takriban dola 70 hadi 150 za kufunga na dola 60 hadi 80 kila mwezi. Kwa mwenye kipato kidogo hiyo inauma, ndiyo maana New Mexico ina mfuko wa kuwasaidia wasio na uwezo. Familia nayo inaingia kwenye adhabu: mke anayepeleka watoto shule kwa gari hilo atapuliza kila asubuhi, ingawa hajaonja tone.

Jamaa zetu wanaoendesha malori huko wajue jambo moja. Intaloki inaweza kukurudisha kwenye gari lako dogo, lakini haikurudishi kwenye lori. Kosa la kwanza la ulevi, hata kama ulikuwa kwenye gari binafsi, linakuondolea leseni ya biashara kwa angalau mwaka mmoja. La pili, ni maisha. Na ukiwa kwenye lori kikomo chako ni 0.04, siyo 0.08.

Mwaka 2021 Bunge la Marekani lilikwenda mbali zaidi. Liliagiza mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA, iandae kanuni ya kuyataka magari mapya yote yaweze kumtambua dereva mlevi bila yeye kupuliza chochote. Kanuni ilitakiwa iwe tayari Novemba 2024. Tarehe hiyo ilipita bila kanuni kutoka.